Maziwa ya Dada wa Bwana Harusi

Okolona, Louisville
Jumapili, 11 Oktoba 2015

Dada Isaro,

Usicheke bahasha. Najua wenzetu wote wanatumiana ujumbe, lakini simu yangu Baba huisoma kila jioni baada ya maombi, kama gazeti. Barua haifungui. Anasema baba yake alimfundisha kwamba barua ya mtu ni kama sahani yake, hufunui kifuniko. Kwa hiyo ukitaka tuongee mambo ya kweli, nunua stempu.

Habari kubwa: Uwase anaolewa. Tena na Mwinjilisti Rudasingwa wa Columbus! Ni yule aliyetuhubiria wakati wa Pasaka juu ya uongo, mpaka mama mmoja akasimama katikati ya ibada akasema anarudisha sufuria aliyoazima mwaka juzi. Alipokuja kwetu kujitambulisha alikula, akashukuru, kisha akaingia jikoni akaosha vyombo. Mwanaume wa kwetu! Mama alisimama mlangoni kama anaangalia muujiza. Na sauti yake, Isaro. Hapandishi sauti kamwe. Uwase akimsikia kwenye simu hukaa wima kama yuko mbele yake.

Ndoa itatangazwa kanisani Jumapili tatu za mwanzo wa Novemba, kama kawaida, na mwenye neno atawaona wazee. Baba, kwa kuwa ni mzee wa kanisa, ndiye atakayesoma. Harusi ni tarehe ishirini na moja.

Sasa Mama anakutuma. Bibi harusi akiingia lazima apewe maziwa na mama au dada wa mume, ndipo anakuwa mtu wa nyumba ile. Mama yake Rudasingwa alifia kambini. Ana dada mmoja tu Amerika nzima, na anakaa ghorofa ya juu ya nyumba yenu! Mama Jolie wenu. Mama anasema jina lake ni Nyirabeza. Mwombe kwa heshima, si kwa haraka zako zile.

Mimi niko vile vile. Wiki iliyopita mwalimu aliniambia nisome kwa sauti, nikajifanya nakohoa mpaka akaniacha. Tunasoma riwaya za kale za Waingereza, za wakati wa malkia wao yule wa nguo nyeusi: ukungu, waungwana wa kofia ndefu, na kila muungwana ana chumba kimoja asichotaka ufungue. Insha yetu inauliza kwa nini watu wa wakati ule walipenda hadithi za mtu mwema mwenye mtu wa pili ndani yake. Sijui nitaandika nini. Huku Okolona hatuna ukungu, tuna malori na maghala.

Mdogo wako,
Mizero


East Side, Buffalo
Jumamosi, 17 Oktoba 2015

We Mizero,

Stempu nimenunua, na yule mama wa posta akaniuliza kama naandikia mtu gerezani.

Bon. Nilipanda juu. Unajua mimi hushika Jolie wakati mama yake anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, donc mlango wao ni kama wangu. Mama Jolie alikuwa anakaanga ndizi. Nikasema kwa heshima yote, hata mikono nikaweka nyuma: "Mama Jolie, Mama mkubwa wa Louisville anakusalimia. Kaka yako anaoa Uwase wetu, wanakuomba uje kumpa bibi harusi maziwa."

Hakujua! Kaka yake anaoa na hakujua.

Akauliza, "Nani anaoa?" Nikarudia. Akacheka, lakini si kicheko cha kucheka. Akazima jiko. Ndizi zilikuwa nyeupe bado, akazitia kwenye sahani, akampa mtoto hivyo hivyo. Jolie akasema, "Mama, hizi mbichi." Akajibu, "Kula." Kisha akaniuliza mimi: "Maziwa? Wanataka mimi nitoe maziwa? Kwa mkono huu?" Akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine.

Nikasema ndiyo, kwa sababu wewe ndiye dada. Akasema, "Shuka kwenu, Isaro."

Tangu siku hiyo ananisalimia tu. Mama anasema labda ana uchungu kwa sababu ni mjane na harusi zinamkumbusha mume wake aliyekufa. Inawezekana. Lakini mimi nimeona wajane wengi, na hakuna aliyetazama mkono wake vile.

Mwambie Mama mkubwa asubiri kidogo. Na wewe acha kukohoa, soma kwa sauti. Unasoma vizuri kuliko wote, aibu ni ya nini?

Isaro


Okolona, Louisville
Jumatano, 21 Oktoba 2015

Kwa Shemeji yetu mpendwa, Mwinjilisti Rudasingwa,

Bwana Yesu asifiwe. Ni mimi Mizero, mdogo wake Uwase. Mama ameniomba niandike kwa niaba yake, kwa sababu anasema ombi la maziwa haliombwi kwa simu.

Mama na Baba wanakuomba umruhusu dada yako Nyirabeza awe wa kumpokea Uwase. Tayari binti wa mama mdogo, Isaro, anayekaa ghorofa ya chini ya nyumba yake, amemwomba. Ila tumesikia kwamba alishtuka sana, na kwamba hakuwa na habari za harusi. Isaro anasema alizima jiko, akatazama mkono wake na kumwambia ashuke. Mama ana wasiwasi asije akawa na kinyongo nasi. Pengine wewe kama kaka yake unajua namna ya kumtuliza.

Sisi sote tunakuombea. Vyombo ulivyoosha bado vinang'aa.

Kwa heshima,
Mizero


Columbus
Jumatatu, 26 Oktoba 2015

Kwa Mizero, mdogo wangu katika Bwana,

Amani iwe kwenu. Nimefurahi kuona mwandiko wako. Ni nadra kijana wa siku hizi kuandika Kiswahili kilichonyooka hivi. Uwase aliniambia unapenda vitabu. Mlango wa nyumba yetu utakuwa wazi kwako, na rafu nzima itakuwa yako.

Kuhusu dada yangu, nitakuambia jambo kwa sababu nakuona una akili ya mtu mzima. Yale aliyoyaona katika vita yalimwacha na ugonjwa wa mawazo. Kuna siku huamini mambo ambayo hayakuwa. Huweza hata kusema mimi ni mtu fulani kwake, nami siye. Mimi hubeba jambo hili kimya kwa ajili ya heshima yake, na nimeshamweleza Uwase ili asije akashtuka.

Mwambie mama yako kwamba tutamtafuta mwingine wa kutoa maziwa. Na wewe nisaidie: Isaro akikuandikia lolote kuhusu dada yangu, nijulishe mimi kwanza, kabla halijawafikia wazee na kumuaibisha mgonjwa. Kunyamaza nako ni upendo.

Nimekutumia stempu ndani ya bahasha hii.

Shemeji yako,
Rudasingwa


East Side, Buffalo
Jumanne, 3 Novemba 2015

Mizero,

Keti kwanza. Usisome hii mbele ya watu.

Rudasingwa alikuja hapa Alhamisi. Ni mwendo mrefu kutoka Columbus, na mtu hafanyi mwendo huo siku ya kazi kwa ajili ya salamu. Alinikuta kwenye ngazi za mbele na Jolie. Akaniita kwa jina, mimi ambaye hajawahi kuniona. Akasema kwa sauti ile unayoipenda: "Isaro, unaongea sana. Watu wanaoongea sana huvunja nyumba za wengine." Akanipa peremende nimpe mtoto, akapanda. Nani alimwambia juu yangu? Nimejiuliza siku zote hizi.

Huko juu hakukuwa na kelele. Hiyo ndiyo ilinitisha. Nilisikia tu kiti kinaburutwa, kisha kimya, kisha kiti tena. Jolie aliniambia, "Mjomba akija tunatoka nje." Amezoea! Alisema kama mtu anayesema mvua ikinyesha tunaingia ndani.

Alipoondoka, Mama Jolie aliniita. Akafunga mlango. Haya ndiyo aliyoniambia, na naandika alivyosema.

Yeye si dada yake. Ni mke wake. Walifunga ndoa kambini, mbele ya kanisa, na mama yake Rudasingwa ndiye aliyempa maziwa kwa mkono wake. Jina lake ni Mukabutera. Nyirabeza alikuwa dada wa kweli wa Rudasingwa, na alikufa kwa homa kule kule kambini, baada ya kuandikishwa kwa safari ya Amerika na kabla ya safari yenyewe. Mukabutera hakuwa kwenye faili ile. Rudasingwa akasema: jina la dada yangu lina nafasi, ingia ndani yake, tukifika tutarekebisha. Akaingia. Jolie akaandikwa mtoto wa marehemu. Hata mtoto alifundishwa: huyu si baba, huyu ni mjomba.

Walipofika hakurekebisha. Alisema bado, tukiwaambia watakurudisha na mtoto watabaki naye. Kisha akahamia Columbus, akawa mwinjilisti. Akamkataza kutaja ndoa yao hata kwa utani. Na kwenye makaratasi yeye ni kijana asiye na mke, Mizero. Hakuna ofisi ya Amerika itakayomzuia kumwoa Uwase.

Nikamuuliza, "Kwa nini hukusema?" Akanijibu: "Kunyamaza nimeweza. Nimenyamaza mpaka nimezoea kuitwa kwa jina la mtu niliyemwosha maiti. Lakini maziwa siwezi. Maziwa huwezi kumpa mtu huku moyo wako unasema lingine. Sasa mnaniomba nimpokee mke mwenzangu kama wifi, kwa chombo cha mama mkwe wangu, kwa jina la marehemu?"

Donc sasa unajua. Jumapili ya kwanza ya tangazo imeshapita. Zimebaki mbili. Mwambie Uwase.

Isaro


Okolona, Louisville
Jumapili, 8 Novemba 2015

Dada Isaro,

Aliyemwambia ni mimi.

Niliandika kila kitu: jiko, mkono, jina lako. Niliona naandika barua nzuri ya heshima. Akanijibu kwamba ana dada mgonjwa wa mawazo, nikamwamini, nikaona fahari kwamba ameniambia siri. Alinitumia stempu. Hata bahasha hii imebandikwa stempu yake.

Nilimwambia Uwase siku ile ile nilipopata yako. Alikuwa anajaribu viatu. Hakukasirika, ingekuwa afadhali. Alinionea huruma. Akasema, "Mizero, aliniambia kabla. Aliniambia hata maneno dada yake atakayoyasema, kwamba ni mke wake. Yametimia yote." Unaona? Barua yangu ilimpa muda. Alifika kwa Uwase kabla ya kweli kufika. Nilipoendelea akavua kiatu kimoja, akasema, "Unasoma hadithi za kutisha mno. Unataka kila nyumba iwe na mtu aliyefungiwa juu."

Basi nikaenda kwa Mama. Mama alikuwa anakunja nguo. Alisikiliza mpaka mwisho, na Isaro, hakushangaa inavyotakiwa. Aliacha kukunja, akauliza, "Nani mwingine anajua?" Hakuuliza kama ni kweli. Kisha akasema, "Mambo ya kambini yalibaki kambini. Nani hapa faili yake imenyooka?" Akaanza kutaja kwa vidole. Yule aliandika mpwa kuwa mtoto. Yule alijipunguza miaka ili mwanawe aende shule. Wale waliacha babu na kumchukua babu wa jirani. Kidole cha mwisho akakikunja bila kusema, lakini nilijua ni sisi. Wewe unajua kwamba Uwase alizaliwa na marehemu kaka yake Baba. Kwetu mtoto wa kaka ni mtoto wako, hakuna anayeuliza. Lakini pale tulipoandikishwa, Baba alisema amemzaa yeye.

Baba aliingia, Mama akamweleza kwa maneno machache. Alikaa kitandani na kofia yake mkononi. Akasema, "Ukivuta uzi huu, nguo nzima inafumuka. Na uzi wa kwanza ni Uwase."

Leo asubuhi alisimama akasoma tangazo mara ya pili. "Mwenye neno awaone wazee." Nilitazama watu. Kuna mama mmoja aliyekuwa kambi ile ile. Akainamisha kichwa akawa anatafuta kitu kwenye mkoba. Wazee wawili walitazamana kisha wakatazama dari. Nadhani wanajua, Isaro. Nadhani wapo wanaojua tangu zamani. Na mimi nilikuwa kati yao, nimeshika kitabu cha nyimbo, nimenyamaza kama wao.

Ile insha nimeiandika tena. Nilikuwa nimejibu kwamba muungwana yule ana mtu wa pili ndani yake. Nikafuta. Sasa nimeandika kwamba mtaa mzima unamwona yule wa pili akipita, na kila mmoja anafunga pazia, kwa sababu naye ana wake.

Nisamehe. Niambie la kufanya.

Mizero


Columbus
Jumatano, 11 Novemba 2015

Kwa Mizero,

Amani iwe nawe. Uwase ameniambia kwamba umesumbuka moyoni. Sikulaumu. Kijana mwenye vitabu vingi huona vivuli.

Nina habari njema. Nimeongea na dada yangu, na amepata nafuu. Amekubali kuja Louisville kutoa maziwa yeye mwenyewe, mbele ya kanisa lote. Ameniahidi, na mtoto atabaki Buffalo ili asichoke na safari. Atakapompa Uwase chombo kile, kila mtu ataona kwa macho yake yeye ni nani kwangu, na maneno yaliyosemwa yatazikwa.

Baba yako ni mtu ninayemheshimu sana. Ameniambia historia ya familia yenu yote, namna alivyompata kila mtoto. Ingenihuzunisha kama mtu mwingine asiye na upendo angeisikia. Familia zetu sasa ni moja, tutunzane.

Hukuniandikia Isaro alipokuandikia. Nilisubiri.

Shemeji yako,
Rudasingwa


Buffalo
Jumatatu, 16 Novemba 2015

Mwanangu Mizero,

Isaro ananishikia kalamu, maana mkono wangu umezoea kushika wagonjwa kuliko kuandika.

Nitakuja. Usiogope ukisikia nimekubali. Nimekubali kweli.

Sijui nitafanya nini nikifika. Nakuambia ukweli. Usiku nasema nitayatoa hayo maziwa, nirudi kwa mtoto wangu, yaishe. Asubuhi nasema sivyo. Yeye ameniambia nikifungua kinywa, nitapandishwa ndege peke yangu. Nimeosha wazee wa Kizungu, nimewalisha, nimewafumba macho walipokufa, na bado naogopa mlango ukibishwa.

Nakuomba jambo moja dogo. Tangu nishuke uwanja wa ndege hakuna mtu aliyeniita jina langu. Kazini mimi ni Nyirabeza. Kwa majirani mimi ni Mama Jolie. Isaro amejaribu, lakini ulimi wake unateleza, amezoea. Siku ile nitakuwa kati ya watu mia na wote wataniita kwa jina la wifi yangu, mtu mwema aliyekufa akiwa ameshika mkono huu huu. Ukinipita karibu, nong'ona lile lingine. Pengine nitakumbuka mimi ni nani.

Ni hilo tu. Usimwambie Uwase kitu. Nataka kumwona uso kwanza.

Mukabutera


Okolona, Louisville
Jumanne, 24 Novemba 2015

Dada Isaro,

Umeshasikia kwa simu kutoka kwa watu, na kila mtu ana yake. Wengine wanasema alimwaga maziwa. Hakumwaga hata tone. Nakuandikia nilivyoona.

Sikupata nafasi ya kumnong'oneza. Alifika na gari la watu wa Columbus, wakamkalisha kati ya wamama wawili kule mbele, na mimi nilikuwa nyuma kabisa na wasichana wa kugawa soda. Alivaa mshanana mweupe, ile nguo yetu ya sherehe inayofungwa begani. Chombo cha mti kilikuwa magotini pake, amekishika kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

Uwase alikuwa ameketi karibu na Rudasingwa, viapo vikiwa bado. Mshereheshaji akatania kidogo, kwamba ng'ombe wa Kentucky wanakamuliwa na mashine lakini maziwa ya leo yana mkono wa mtu. Watu wakacheka. Akasema, "Sasa namwita dada wa bwana harusi, Nyirabeza!" Vigelegele.

Hakusimama.

Akamwita tena. Mama mmoja akamgusa bega. Yeye alitazama maziwa tu. Rudasingwa akatabasamu, akasema kwenye kipaza sauti, kwa upole ule, "Mwacheni, dada yangu ni mgonjwa kidogo. Dada Nyirabeza, njoo, usiogope." Mshereheshaji akawapungia wapiga kinanda waanze. Nikaona Baba ameinamisha kichwa. Nikaona ule wakati unapita, Isaro, kama lori unaloliona likipita na bado umesimama kando.

Sikupanga. Unanijua, siwezi hata kuagiza viazi kwenye dirisha la mgahawa. Nilikuwa na trei mkononi. Nikaita, "Mukabutera!"

Sauti yangu ilikuwa ndogo, nikajua haijafika. Nikaita tena kwa nguvu mpaka koo likauma. "Mama Mukabutera, simama!"

Kinanda kikanyamaza. Na yule mama aliyekuwa akitafuta kitu kwenye mkoba kanisani, yule wa kambi ile, akaitikia bila kujijua, kama mtu aliyeamshwa: "Mukabutera wa Rudasingwa? Yuko wapi?" Kisha akaziba mdomo. Lakini lilikuwa limeshatoka.

Mukabutera akasimama. Alitembea polepole, asimwage. Akampita mshereheshaji. Alifika mbele ya Uwase, akamtazama uso muda mrefu, akamwambia, "U mzuri, mwanangu." Kisha akamgeukia Rudasingwa. Hakupaza sauti, lakini hata nyuma tulisikia.

"Mama yako alinipa mimi maziwa haya. Chombo ni hiki. Dada yako nilimwosha mwenyewe, na wewe ulichimba kaburi. Kama mimi ni Nyirabeza, shika, unywe, uniite kwa jina hilo mbele ya maziwa. Nikisikia, nitampa bibi harusi."

Rudasingwa akanyoosha mkono. Nilidhani atakunywa. Nadhani naye alidhani. Alikishika chombo, midomo yake ikafunguka, na ile sauti haikutoka. Alijaribu tena. Mtu aliyehubiri tangu Pasaka mpaka leo bila karatasi! Akasema, "Si mahali pake hapa," akakiweka mezani, hakunywa.

Uwase ndiye aliyekichukua. Alisimama, nguo yake ndefu ikamzuia, akaikusanya kwa mkono mmoja. Akamrudishia Mukabutera chombo, akapiga goti, akasema, "Mama, kunywa wewe. Ni ya kwako." Naye akanywa, Isaro, mbele yetu wote, huku machozi yanaingia humo humo.

Hakuna aliyeimba. Watu walitoka mmoja mmoja, na chakula kikabaki. Rudasingwa alitoka kwa mlango wa jikoni.

Nyumbani Uwase hakulia. Alinijia chumbani, akakaa, akasema, "Nilikuonea huruma." Nikasema najua. Akalala kitandani kwangu na viatu.

Jana Baba alimpeleka Mukabutera kwa wakili wa wakimbizi mjini. Aliingia naye, si kumsubiri nje. Mama alimwambia mlangoni, "Na faili yetu je?" Akajibu, "Nitaanza na yetu." Wakili amesema haya hutokea kuliko tunavyodhani, kwamba anayekuja mwenyewe na kweli yake anasikilizwa tofauti na anayekamatwa nayo, lakini haahidi kitu. Itachukua miezi, pengine zaidi. Baba alirudi amechoka, akaniuliza nini tunasoma shuleni. Nilimsomea insha yangu. Kwa sauti.

Baadhi ya watu kanisani hawatusalimii. Wanasema Mizero ameleta hatari kwa kila nyumba. Labda ni kweli. Naogopa kila gari linaloegesha mbele. Lakini jina lile nikikumbuka nilivyolitoa, nalitoa tena polepole, peke yangu.

Mdogo wako,
Mizero


Okolona, Louisville
Jumanne, 8 Desemba 2015

Dada Isaro,

Nilimwandikia Mama Mukabutera baada ya kukuandikia wewe. Juu ya bahasha niliandika jina lake lote, kwa herufi kubwa, na anwani yenu, ghorofa ya juu. Leo imerudi. Posta wamepiga muhuri kwamba hakuna mtu wa jina hilo katika anwani hiyo.

Nilikasirika mpaka nikakumbuka kisanduku chao bado kina jina la marehemu.

Mizero


East Side, Buffalo
Jumatatu, 14 Desemba 2015

We Mizero,

Mama Jolie alisimama kwenye baridi mbele ya kisanduku muda mrefu. Hakutaka kung'oa karatasi ya zamani. Alisema yule wifi hakumkosea mtu. Donc tumeibandua kwa maji ya moto, taratibu, na ameiweka ndani ya Biblia yake.

Ile mpya ameiandika Jolie. Herufi moja imegeuka nyuma, lakini inasomeka. Tarishi alipopita aliisoma, akatazama mlango, akamuuliza mtoto, "Huyu ni nani?"

Jolie akamwambia, "Ni mama."

Itume tena.

Isaro